Kizimba cha Chuma Sebuleni

Jumapili ile fimbo ya chuma iliponibana kifuani, karibu kila mtu wa kwetu Mabawe alikuwa kwenye Misa. Nilikuwa nimelala chali juu ya benchi katika chumba cha stoo, nikisukuma uzito ambao wiki iliyotangulia niliusukuma mara nane bila shida. Safari hii, mara ya sita, mikono iligoma. Fimbo ilishuka taratibu, ikatua juu kidogo ya matiti, na haikupanda tena.

Wanaopiga vyuma wanajua la kufanya. Unaiinamisha fimbo upande mmoja ili vyuma vimwagike, kisha unajitoa. Mimi nilikuwa nimefunga klipu pande zote mbili, kwa kuwa sakafu ya stoo ni ya udongo, imeinama, na vyuma vilikuwa vinateleza. Njia ya pili ni kuiviringisha fimbo kuelekea kiunoni mpaka uweze kuketi. Nilijaribu. Ilipofika kwenye mbavu za chini macho yaliingia giza, nikaacha.

Chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, alikuwa amelala mama yangu. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia, mkono na mguu, pamoja na karibu maneno yote aliyokuwa nayo. Alikuwa hawezi kushuka kitandani bila mimi. Nilimwita hata hivyo.

"Mama," nilisema kwa pumzi ndogo niliyobaki nayo. "Nimebanwa."

Nikasikia kitanda kikilia, na baada ya hapo fimbo yake ya kutembelea ikigonga beseni la bati lililokuwa pembeni ya kitanda. Aligonga kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtu anayetwanga. Aligonga bila kupumzika.

Ng'ambo ya barabara kuna karakana ya fundi anayechomelea milango na mageti. Yeye husali Jumamosi, kwa hiyo Jumapili hufanya kazi. Grenda yake ilikuwa inakata chuma, na mlio wake ulikuwa unalimeza beseni la mama lote. Mimi nilikuwa nasikia vyote viwili. Nilihesabu pumzi zangu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Nilifikiria kwamba Misa ikiisha watu watasimama nje ya kanisa kusalimiana, kisha watatembea nyumbani bila haraka, na kwamba hakuna hata mmoja kati yao mwenye sababu ya kupita kwetu siku hiyo.

Kilichoniokoa ni umeme kukatika. Grenda ilinyamaza ghafla, na katika ukimya ule beseni likasikika mpaka barabarani.

"Hodi," fundi alisema mlangoni. "Hodi humu ndani."

Sikuweza kumjibu. Alifuata sauti, akaingia kwa mama kwanza, na baadaye aliniambia kwamba mama alimnyooshea fimbo ukutani kama anayemfukuza. Akaja stoo. Alitaka kuinua ncha moja ya fimbo, nikatikisa kichwa kwa sababu ncha nyingine ingenizamia, akaelewa. Akasimama nyuma ya kichwa changu, akashika katikati kwa mikono miwili, akainyanyua.

"Pole, Mwalimu," alisema. Kisha akageuza uso, kwa maana nilikuwa nimevaa suruali ya kubana na singlendi, akachukua kanga iliyokuwa mlangoni na kunipa bila kuniangalia.

Nilikwenda kwa mama. Beseni lilikuwa limebonyea upande mmoja. Alikuwa ametokwa jasho mpaka mto umelowa, na hakuiachia fimbo mpaka nilipomfungua vidole kimoja kimoja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kabla ya kurudi Mabawe nilifundisha Biharamulo mjini miaka kumi na mmoja, na huko ndiko nilikojifunza kunyanyua vyuma, katika jimu ndogo nyuma ya nyumba ya kulala wageni. Mwenye jimu alipofunga alinipa benchi, fimbo na vyuma vyake, nikavipakia kwenye lori lililokuwa linakwenda Ngara, wilaya ya kwetu, kuchukua maharage. Nilikuwa nahama wakati huo. Mama alikuwa ameanguka shambani miezi mitatu nyuma.

Sisi ni wawili tu kwa mama. Kaka yangu yuko Mwanza, ana mke, ana watoto, ana kazi isiyompa nafasi. Mimi sijaolewa. Hakuna aliyeniambia nirudi nyumbani, na hakuna aliyehitaji kuniambia. Niliandika barua ya kuomba uhamisho, na jambo ambalo walimu wenzangu hulisubiri mpaka wanakata tamaa, mimi nililipata katika muhula mmoja. Watu walinipongeza.

Siku zangu zilikuwa hivi: kabla hakujapambazuka namgeuza mama, namwosha, nampa uji. Saa moja anakuja mama mmoja jirani, anakaa naye mpaka nitoke shule. Saa tisa yule jirani anaondoka, na kuanzia hapo hadi kesho yake sitoki nje ya umbali ambao sauti ya mama inaweza kunifikia. Sauti yenyewe haifiki mbali. Mwisho wake ni kwenye mgomba wa tatu nyuma ya jiko, nilishaupima. Jumamosi na Jumapili nilikuwa ndani siku nzima. Katika maisha hayo kulikuwa na saa moja, ya stoo, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ananihitaji, au angalau nilijifanya hivyo.

Kaka alipopata habari alipiga simu jioni ileile.

"Uza hivyo vyuma, mdogo wangu," alisema. "Ungekufa pale, mama angebaki na nani?"

"Angebaki na wewe," nilimjibu.

Akasema mtandao unakatakata.

Siku mbili baadaye fundi alikuja kumjulia mama hali. Alimwamkia, mama akainua mkono wa kushoto kuitikia, kisha fundi akaomba kuliona tena lile benchi. Alilizunguka, akaligusa kwa mguu.

"Mwalimu, utaacha?"

"Sitaacha."

"Basi lazima kiwepo kitu cha kulidaka chuma kabla yako."

Nilimwonyesha kwenye simu picha nilizokuwa naziangalia tangu Jumapili: fremu za kunyanyulia vyuma, nguzo nne zilizosimama kama kitanda cha chandarua, na kati ya nguzo vyuma viwili vya kulala, vya kukingia fimbo isimfikie mtu. Wauzaji wa Mwanza na Dar es Salaam walikuwa na za kila aina. Fundi alizitazama kama mtu anayesoma barua, akirudi nyuma na kusogea mbele.

"Kizimba," alisema. "Unataka kizimba."

Ile iliyonivutia zaidi ilikuwa ndefu kuliko nyumba yetu. Siling bodi za mama ziko chini, na nikisimama na kunyoosha mkono nazigusa kwa kiganja. Kulikuwa na aina nyingine ya kufunga ukutani na kuikunja baada ya kazi. Hiyo niliipenda kwa kuwa ingejificha. Fundi aligonga ukuta kwa ngumi, vumbi likaanguka nyuma ya kalenda. "Matofali haya yamejengewa tope," alisema. "Ukivuta, utavuta na ukuta." Ya tatu ilikuwa nguzo mbili tu, nyepesi, zingeweza kuja kwenye basi. Nilikuwa karibu kuichagua. Yeye ndiye aliyeniuliza mikono ya kukingia iko wapi, nikaangalia vizuri, haikuwepo.

"Hii ni ya kuwekea," alisema. "Ya kukuokoa siyo."

Tukakubaliana aitengeneze yeye. Nilidhani kwamba jambo la kuchagua limekwisha, kumbe ndipo lilipoanza. Paipu za mraba alizokuwa nazo zilikuwa za mageti. Aligonga moja kwa kifundo cha kidole, ikalia kama kopo. "Karatasi," alisema, akaitupa pembeni. Alikwenda Ngara mjini, akarudi mikono mitupu, akaagiza nene kutoka Kahama kwa dereva wa lori anayepita kwenda mpakani. Tulisubiri wiki tatu. Katika wiki hizo sikugusa chuma, na niligundua jinsi saa ile moja ilivyokuwa imeshikilia nyingine zote. Nilimfokea mama kwa sababu ya uji uliomwagika. Alinitazama tu. Mtu asiyeweza kukujibu ukimfokea, maneno yako yanabaki chumbani yakizunguka.

Paipu zilipofika tulibishana juu ya matundu. Vile vyuma vya kukingia vinapenya kwenye matundu ya nguzo, na fundi alitaka kuyaacha mbalimbali, shibiri moja kati ya tundu na tundu. Nilimweleza kwamba kifua changu nikilala kwenye benchi na kukijaza pumzi kinapanda, na fimbo inatakiwa ikiguse, lakini nikiishiwa nguvu na kukishusha kifua, fimbo ibaki juu, kwenye vyuma. Tofauti ya hali hizo mbili niliipima kwa rula ya shule nikiwa nimelala, jirani yetu akisoma namba kwa sauti. Ilikuwa vidole vitatu.

"Kwa hiyo matundu yasizidi vidole viwili," nilisema.

"Nguzo nne, juu mpaka chini? Mwalimu, umeyahesabu?"

"Yakiwa mbalimbali chuma kitanikuta."

Hakubisha tena. Alitoboa matundu yale mbele ya nyumba yetu, kwa drili ya mkono, kwa siku nne, na mimi nikitoka shule nilikuwa nasimama mlangoni, nikimsikia mama kwa sikio moja na fundi kwa lingine. Aliniambia amekulia Lukole, wakati wa kambi ya wakimbizi, na kuchomelea alijifunza huko kwa mzee aliyekuwa anatengeneza majiko kwa mabati ya makopo ya mafuta.

"Tulikuwa haturuhusiwi kuvuka kizuizi bila kibali," alisema akiwa ameinamia kazi. "Nilikuwa nakaa pale kwenye kizuizi naangalia magari. Sikuwa na mahali pa kwenda. Nilitaka tu nijue kwamba naweza."

Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitalia mbele ya mtu mwenye drili mkononi.

Kizimba kisingeweza kukaa stoo, kwa sababu nguzo zinahitaji bolti kwenye zege. Sakafu ya saruji iko sebuleni peke yake. Ilibidi nimuulize mwenye nyumba. Mama alikuwa amebakiwa na maneno mawili ya Kihangaza, *ego* na *oya*, ndiyo na hapana, na hayo nayo yalimtoka yenyewe bila kuchagua, akataka maji akasema *oya*, akakataa chakula akasema *ego*. Tulikuwa tumekubaliana atumie mkono: akiinua wa kushoto ni ndiyo, akiuacha umelala ni hapana. Nikamwambia nataka kuhamisha makochi na kusimamisha chuma kikubwa katikati ya sebule aliyoitunza miaka yote kwa vitambaa vya kufuma.

"*Oya*," alisema, akainua mkono juu kabisa.

Siku ya kukifunga, fundi hakuniruhusu nilale chini yake. Aliweka papai bivu juu ya benchi, pale ambapo kifua changu kingekuwa, akapanga vyuma vya kukingia kwa kipimo cha rula yangu, akaweka fimbo na uzito wote niliokuwa nao, na akaiachia. Nyumba ilitikisika. Sanamu ya Bikira Maria ilisogea kwenye rafu. Fimbo ilisimama upana wa kidole kimoja juu ya papai.

Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alicheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, kilichopinda, lakini kilikuwa chake, na nilikuwa sijakisikia tangu nirudi. Tulilikata papai lile tukalila wote watatu.

Majirani walikuja kuangalia. Wengine waliuliza kama nitafuga sungura. Wazee waliitikia shikamoo yangu huku macho yao yako kwenye nguzo. Wiki hiyohiyo mwanafunzi mmoja aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba sokoni kuna watu wanasema Mwalimu amejenga kizimba cha kumfungia mama yake. Nilicheka mbele yake. Nilipofika nyumbani niliketi kwenye benchi katikati ya zile nguzo nne, nikamwangalia mama na kiti chake, nikajiuliza ni nani hasa wangepaswa kumwonea huruma.

Baada ya hapo nikataka kebo. Fremu ikiwa na kapi juu na waya wa kuvuta, unaweza kufanyia kazi mgongo na mabega bila kuogopa kubanwa. Fundi alijaribu kwanza kwa magurudumu ya geti la kuteleza, yana mfereji katikati. Waya uliruka nje ya mfereji mara mbili, na mara ya tatu ukaanza kuchanika nyuzi. Nikakataa. Tukaagiza Mwanza kapi lenye beringi na waya uliovishwa plastiki, na hapo ndipo iliponibidi nichague vishikio.

Anayedhani hilo ni jambo dogo hajawahi kuwa na saa moja tu kwa siku. Muuzaji alinitumia picha za vishikio zaidi ya kumi: fimbo ndefu iliyopinda ncha, fimbo fupi, kamba yenye mafundo mwishoni, cha pembe tatu, cha mkono mmoja, mkanda wa kufunga kifundo cha mguu. Niliwaza juu yake shuleni, nikasimamia mtihani huku navipanga kichwani. Nilijua ni ujinga. Lakini katika maisha yangu yote ya wakati ule hakukuwa na jambo lingine ambalo lilikuwa mbele yangu na njia zaidi ya moja. Nilichagua vitatu: fimbo ndefu kwa ajili ya mgongo, kamba, na kishikio cha mkono mmoja.

Mzigo ulipokuja kwenye basi ulikuwa na vinne. Muuzaji alikuwa ameweka ule mkanda wa kifundo, akaniandikia ujumbe kwamba ni nyongeza, kama mwanamke wa sokoni anavyokuongezea nyanya moja juu ya fungu.

Nilivitandaza kwenye mkeka mbele ya mama ili avione. Aliinama kwenye kiti chake, mkono wa kushoto ukapita juu ya fimbo, ukapita juu ya kamba, ukachukua ule mkanda. Akauweka mapajani. Kisha akaushika mkono wake wa kulia, ule uliokufa, akauweka juu ya mkanda, akanitazama.

Nilielewa mara moja. Hospitali walipomruhusu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituonyesha jinsi ya kuusogeza mkono ule kila siku. Tulifanya miezi michache, kisha tukachoka, mimi kabla yake. Vidole vyake haviwezi kushika kitu, lakini mkanda haushikwi, unafungwa.

Ningependa kusema nilifurahi. Ukweli ni kwamba nilichukia. Nilikuwa nimempa asubuhi, nimempa jioni, nimempa Jumapili na mji niliokuwa naishi, na sasa ameona hiki kimoja kilichobaki na amekinyooshea mkono. Nilisimama nikaenda jikoni, nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Niliporudi alikuwa bado ameushika mkanda, hajauweka chini. Nikapiga magoti nikamfunga.

Tulifanya hivi: waya ulipita juu ya kapi, ncha moja ikawa na mkanda kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ncha nyingine ikawa na kishikio kwenye mkono wa kushoto. Akivuta chini kwa mkono mzima, ule mgonjwa unapanda. Siku ya kwanza ulipanda mpaka usawa wa tumbo, akafumba macho kwa maumivu, akavuta tena. Nilihesabu mpaka kumi. Nilipotaka kumfungua alisema "*oya*", na mkono wa kushoto ulikuwa kwenye kishikio hauwezi kuniambia kama ni ndiyo au hapana. Nikamwacha aendelee.

Ikawa kila alasiri. Nusu saa yake, nusu saa yangu, na mara nyingi yake ilikula yangu. Baada ya miezi miwili mkono ulifika kifuani. Baada ya mwezi mwingine ulifika kidevuni, na akaanza kuusukuma mwenyewe kidogo, nikaona waya wa upande wa kushoto ukilegea. Siku moja alishika nguzo ya kizimba kwa mkono wa kushoto akasimama, nikiwa nimemzunguka kwa mikono yangu bila kumgusa. Alisimama kwa muda wa Salamu Maria moja, kisha akaketi. Jambo hilo halikunipa uhuru wowote. Kinyume chake, mtu anayeweza kusimama anaweza pia kuanguka, na tangu siku hiyo nilikuwa siwezi kumwacha hata kwenda mpaka mgomba wa tatu.

Kaka alikuja mwezi wa tatu. Aliingia na mabegi yake, akasimama sebuleni akiangalia kizimba kama mtu aliyekosea nyumba. Nilimwonyesha mama akivuta. Alitokwa na machozi, akamshika mama kichwa. Jioni wakati wa kula akaweka kijiko chini.

"Nimezungumza na wifi yako," aliniambia. "Tumpeleke mama Mwanza. Wewe umefanya ya kutosha."

Niliona Biharamulo, niliona chumba changu cha zamani na dirisha lake. Niliona Jumapili ambayo naamka na kwenda popote.

"*Oya*," mama alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Umesikia," kaka alisema, na alisema haraka mno. "Amekataa."

"Hiyo si hapana," nilimwambia. "Muulize vizuri. Muulize mkono."

Aliniangalia, kisha akageuka. "Mama, unataka twende wote Mwanza, ukae na wajukuu?"

Tulingoja. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani. Nilikuwa nimeukodolea macho kwa nguvu kiasi kwamba niliona kila mshipa, na nakiri kwamba moyoni nilikuwa nauvuta, kama kwa waya. Haukuinuka. Mama aliangalia kizimba, akaangalia mlango uliokuwa wazi, migomba na kaburi la baba chini ya migomba, kisha akaniangalia mimi. Mkono ulibaki pale pale.

Nilitoka nje. Nilimkasirikia kwa namna ambayo sijui kama itasamehewa, na hasira ile ilikuwa haina pa kwenda, maana alichokataa ni kuondolewa nyumbani kwake, na mimi ningekataa vilevile. Kaka alinifuata.

"Sasa tufanyeje?" aliuliza.

"Njoo wewe," nilimwambia. "Shule zikifunga, uje ukae naye. Siombi uhame. Naomba siku."

Alisema ataangalia kazini. Nilimwambia sitaki aangalie, nataka aseme. Nilikuwa sijawahi kuzungumza na kaka yangu mkubwa kwa sauti ile. Alikwaruza ardhi kwa kiatu chake cha mjini, akasema, "Sawa. Mwezi wa sita."

Alikuja kweli, akakaa siku tisa. Mimi nilikwenda Kaniha, kwa rafiki yangu niliyefundisha naye Biharamulo, ambaye ana shamba huko. Siku tatu za kwanza nililala tu. Kila alfajiri niliamka saa ileile ya kumgeuza mama, nikakaa kitandani na mikono yangu haina kazi. Siku ya nne nilimsaidia rafiki yangu kupura maharage. Siku ya tano tulitembea kwenda kisimani na kurudi, nikagundua kwamba nilikuwa natega sikio nyuma yangu njia nzima.

Siku ya sita kaka alipiga simu.

"Huu mkanda unafungwaje? Kulabu inaingia wapi?"

Nilimwelekeza. Nilimsikia akihema, akasema imeingia, akaweka simu mezani bila kuikata. Nikasikia kapi likizunguka. Nikamsikia kaka akihesabu kwa Kihangaza, kwa sauti ya mtu anayehofia kuvunja kitu, na mama akamkatiza kwa kicheko kwa sababu alikuwa ameruka namba. Rafiki yangu aliuliza kama kuna tatizo huko nyumbani.

"Hakuna," nilisema.

"Basi utaondoka lini?"

"Jumamosi, kama tulivyopanga."

Na niliondoka Jumamosi. Nilitamani kurudi Alhamisi, nikajizuia. Nililala siku zote tatu zilizobaki nikijua ninakotakiwa kuwa, na sikwenda.

Mwezi wa kumi na mbili kaka hakuweza kuja. Alisema mwakani. Mkono wa mama uko kidevuni, haujapanda zaidi, na mtaalamu wa hospitali alipomwona mara ya mwisho alisema huenda ndio mwisho wake. Mama anavuta kila siku vilevile. Akimaliza namfungua, namsogeza na kiti chake pembeni, naweka vyuma kwenye fimbo, naangalia matundu mara mbili, nalala chini yake. Naye anakaa pale mlangoni akinihesabia kwa kugonga kidole kwenye mkono wa kiti, na nikichelewa kuinua, anagonga kwa nguvu.